Nitajuaje yuniti gani zimenibakia kabla ya kuingia mwaka wa nne? Niliahirisha mwaka na silabasi ikabadilishwa

Binti_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum jamani, niwieni radhi kwa maneno mengi lakini nimeona huku kuna watu washapitia chuo na wengine mwafundisha kabisa, nisaidieni.

Nasoma ualimu wa sekondari, masomo yangu mawili ni Kiswahili na Dini ya Kiislamu, chuo ni cha umma huko bara nisingependa kukitaja. Niliingia na wenzangu vizuri tu, mwaka wa pili nikajaaliwa mtoto nikaahirisha masomo mwaka mzima, barua ya ruhusa ninayo na muhuri wake. Kurudi nakuta wenzangu washaenda mbele nikaunganishwa na darasa lililokuwa nyuma yetu, na hilo darasa lasoma silabasi mpya manake kozi ilifanyiwa marekebisho hapo katikati.

Sasa nimemaliza mwaka wa tatu, tuko likizo, niko nyumbani Amu, na kila nikifungua potali ya chuo sielewi. Kuna yuniti mbili nilizifanyia mtihani kabisa, zaonyesha kistari tu hakuna maksi. Kuna moja ya Dini niliifaulu mwaka wa kwanza lakini kwenye silabasi mpya haipo, mahali pake pamewekwa nyengine yenye kodi (namba ya yuniti) na jina tofauti. Hizo tatu ndizo zinazoninyima usingizi. Zile za chuo kizima kama stadi za mawasiliano na UKIMWI hizo sina wasiwasi nazo, darasa hili nilokuta walishazifanya mwaka wa kwanza na sisi wa mwanzo tulipangiwa moja mwaka wa kwanza na nyengine mwaka wa pili.

Nikiuliza idarani naambiwa wewe subiri, mwaka wa nne orodha ya wanaohitimu ikibandikwa utajua. Sasa nikijua siku hiyo ya orodha itanifaa nini? Na nauli ya kutoka hapa, boti mpaka Mokowe kisha basi mpaka huko chuoni si mchezo, mtoto nimwachie mama, niende nizungushwe ofisi hii na ile nirudi mikono mitupu, hapana.

Nataka kujua tu mtu huanzia wapi kujua nini kamaliza na nini kabakisha, na je hii kazi yafanyika kwa simu na imeli au lazima niende mwenyewe? Na HELB, wale wa mkopo wa masomo, wakiona nimechelewa mwaka wataendelea kutoa?

---

kobe_wa_watamu (Malindi)

Waaleikum salaam dadangu, hongera ya mtoto kwanza.

Nikuondolee kitu kimoja, hiyo potali usiitegemee kukwambia umebakisha nini. Potali ni kama daftari la mkopo la dukani, limeandika ulichochukua, halijui nyumbani mlihitaji nini. Ukisajili yuniti sita itakuonyesha sita na maksi zake, lakini kama ya saba ulitakiwa kuisajili na hukuisajili haitapiga kelele, itanyamaza kimya mpaka siku ya kuhitimu. Vyuo vyengine siku hizi wameweka mfumo wa kuhesabu lakini chako kwa ulivyoeleza hakina au kipo na hakifanyi kazi.

Kitu unachotafuta ni ule mpangilio wa kozi uliopitishwa na seneti ya chuo, ile karatasi yenye yuniti zote kuanzia mwaka wa kwanza semista ya kwanza mpaka mwisho, ipi ni ya lazima, ipi ni ya kuchagua, ipi yataka uwe ushafaulu nyengine kabla yake. Kila idara inayo. Wengine wameichapa kwenye kitabu cha wanafunzi wapya, wengine ni PDF iko kwa kompyuta ya katibu wa idara na ukiomba vizuri anakutumia kwa wasap. Wewe itabidi uombe MBILI, ile ya mwaka uloingia na hii mpya.

Halafu chukua karatasi ama eksel kwenye simu, upande mmoja andika yuniti zote zinazotakiwa (siyo ulizofanya, ZINAZOTAKIWA) halafu kwa kila moja weka umeifanya lini, maksi ya CAT (majaribio na kazi za katikati ya semista) ipo, ya mtihani ipo, au kistari. Usizichanganye. Kwa mwalimu kuna mafungu kama manne hivi, kuna ya ualimu wenyewe saikolojia ya elimu, falsafa, historia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundisha, kisha kuna ya somo la kwanza, ya somo la pili, kisha za chuo kizima, na mazoezi ya kufundisha yasimama peke yake. Hapa ndipo watu wengi huteleza, mtu anapenda Kiswahili anachukua yuniti za ziada za fasihi akihesabu jumla aona zimetimia kumbe fungu la Dini lina shimo. Jumla kutimia si kumaliza. Fungu moja halizibi jengine.

Ukimaliza hiyo karatasi utajua kwa macho yako. Ni kazi ya jioni moja tu mtoto akilala.

---

Sheby_wa_Tuktuk (Malindi)

mnamtisha bure dada wa watu 😂 mimi nilimaliza chuo bila karatasi wala eksel, nilikuwa nafuata darasa tu wakisajili nasajili wakiingia naingia, nikahitimu mwaka wangu na gauni nikavaa

---

kobe_wa_watamu (Malindi)

Sheby wewe ulifuata darasa moja toka mwanzo mpaka mwisho, bila shaka ulifika. Yeye yuko kwenye madarasa mawili na silabasi mbili, afuate lipi?

---

Mstaafu_Mkomani (Lamu)

Mwanangu Binti wa Langoni, nimesoma maneno yako taratibu nikayarudia. Mimi nilikaa ofisi ya mitihani ya chuo kimoja miaka mingi kabla sijarudi Amu kupumzika, kwa hivyo haya nitakayokwambia ni ya upande wa ndani wa dirisha.

Nitaanza na kile ulichosema huna wasiwasi nacho. Umesema wenzako wa kwanza walipangiwa yuniti moja ya chuo kizima mwaka wa kwanza na nyengine mwaka wa pili. Na mwaka wa pili ndio ulioahirisha. Na darasa ulilokuta ukirudi walikuwa washazifanya zote mwaka wa kwanza. Sasa niambie wewe hiyo ya pili uliifanya lini na nani? Kaifungue potali uitafute. Naomba Mungu niwe nimekosea, lakini nimeona watoto wengi wa kuahirisha wakianguka hapo hapo, si kwenye yuniti ngumu. Yuniti ngumu mtu huilalia macho, hujua kabisa inamdai. Hii ndogo ya mwaka wa kwanza ambayo kila mtu huifaulu hakuna anayeiangalia, na seneti haitazami kwamba ni ndogo, haipo haipo.

Sasa vile vistari viwili. Maksi husafiri hivi: mhadhiri asahihisha, aandika kwenye karatasi ya darasa, yaenda idarani, pakaa kikao cha watahini na mtahini wa nje aje aangalie, kisha kitivo, kisha seneti. Karatasi ya mhadhiri imeandikwa kwa darasa. Wewe namba yako ya usajili ni ya mwaka mwengine, ukifanya mtihani na darasa la nyuma mara nyingi jina lako halimo kwenye orodha iliyochapishwa, mhadhiri akuongeza kwa kalamu chini kabisa ya ukurasa. Halafu anayeingiza kwenye kompyuta aingiza majina yaliyochapishwa, la kalamu labaki kwenye karatasi. Hakuna aliyekuonea. Ndivyo zinavyopotea nyingi.

Sababu nyengine ni mtu kukaa mtihani bila kusajili yuniti semista hiyo, au namba kuandikwa vibaya kwenye kijitabu cha majibu, au CAT ilifanywa na mhadhiri wa kandarasi, akaondoka nayo. Mtihani pekee bila CAT mfumo haukubali kujumlisha, manake kwa vyuo vingi CAT ni 30 na mtihani 70, ikikosekana moja utaona kistari hata kama nyengine iko. Kwa hivyo usiulize «maksi zangu ziko wapi», uliza «kilichokosekana ni CAT au ni mtihani?». Swali hilo la pili lajibika kwa simu, lile la kwanza utaambiwa uje Jumatatu.

Tafuta ushahidi wako sasa. Kadi ya mtihani ya semista hiyo, risiti ya karo, ukurasa wa kusajili yuniti, ratiba ya mtihani. Wewe ukiingia chumba cha mtihani hutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, hiyo idara inayo, waombe waitazame. Na fanya haraka, vijitabu vya majibu haviwekwi milele, vina muda wake vikaharibiwa, baada ya hapo utakuwa wabishana na hewa.

Hili la kukwambia usubiri orodha usilikubali. Orodha ikibandikwa watu mia wapanga mstari mlango mmoja, na kila mmoja ana dharura. Anayekuja mwaka mmoja kabla huhudumiwa na chai juu.

Ziko tatu ulizozitaja, nadhani ziko nne.

---

Binti_Langoni (Lamu)

Shikamoo ami. Wallahi nimeingia potali saa hii mkono watetemeka. Ya stadi za mawasiliano ipo nina B. Ya UKIMWI haipo kabisa, hata kistari hakuna. SUBHANALLAH.

Sikuwa naiwazia hata kidogo.

---

Mstaafu_Mkomani (Lamu)

Marahaba mwanangu. Bora umeiona likizo hii. Hiyo yarekebishika, nitarudi baada ya Isha.

---

Mwl_Maweni (Malindi)

Mimi nafundisha sekondari huku Malindi, niongeze la TSC, tume ya walimu, kidogo manake naona hamjaligusa.

Kwanza mambo ya mazoezi ya kufundisha. Vyuo vingi hupanga kwa zoni, manake wahadhiri wa kukukagua wanazunguka na gari na hawawezi kufika kila pembe. Usije ukajipangia shule ya hapo nyumbani Amu kwa sababu ya mtoto halafu uambiwe huko hatuna mkaguzi. Uliza zoni MAPEMA kabla ya fomu kufungwa. Ikishindikana Lamu huku kwetu Malindi na Kilifi kuna shule nyingi na wakaguzi hufika, kama una jamaa Malindi wa kukukalisha miezi hiyo itakuwa rahisi kuliko kurudi bara. Shule ikikupokea hakikisha ina masomo yako yote mawili, kuna shule Dini ya Kiislamu hawana kabisa na ukikaguliwa somo moja tu bado unadaiwa la pili.

Pili, TSC kukusajili kufundisha sekondari wataka C+ ya jumla kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na C+ kwenye masomo yako mawili, hilo nadhani unalo ndio maana ukapewa kozi. Lakini pia wataangalia transkripti yako. Kwa hivyo ile yuniti ya Dini iloondolewa usikubali wakubadilishie na yuniti yoyote ile ya kitivo ili mradi hesabu itimie. Ibadilishwe na ya DINI. Uhitimu leo kesho TSC wakwambie somo lako la pili halijashiba ni balaa jengine.

Kuhusu HELB, mkopo waombwa upya kila mwaka wa masomo na si kitu kinachojiendea chenyewe, kwa hivyo kama mwaka uloahirisha hukuomba na ulirudi ukaomba basi uko sawa kwa hapo. Kinachouma ni mwaka wa ziada mwishoni, wa tano, huo usihesabu kwamba lazima utalipiwa. Waulize wenyewe ukiwa na barua ya kuahirisha mkononi.

---

Sheby_wa_Tuktuk (Malindi)

haya nimenyamaza, kumbe mambo ni mazito. mimi nilibahatika tu

---

mtoro_wa_Ohio

Salaam kutoka Columbus watu wa Amu, huku baridi nyinyi mwala mahamri.

Nimeona kobe asema vyuo vyengine vina mfumo wa kuhesabu, niwaeleze wa huku unavyofanya kazi labda utamsaidia dada kujua aulize nini. Huku kila mwanafunzi ana ukurasa wake, waufungua waona sharti zote za digrii yako moja moja, lililotimia lina rangi ya kijani, unaloliendea rangi nyengine, lisiloguswa jekundu. Yuniti ukiisajili yaenda yenyewe kukaa kwenye sharti lake. Na kuna mahali pa kujaribu, waandika «je nikibadilisha kozi niende kitu kingine» na wakuonyesha zipi zitahesabika na zipi zitakuwa za bure. Raha sana.

Lakini msifikiri kwamba mashine yamaliza kazi. Digrii ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti (pointi za masomo) 120. Ukitaka kumaliza miaka minne ni 15 kila semista, mara semista 8. Sasa kiwango cha chini cha kuhesabika mwanafunzi wa muda wote ni 12, na sisi wa viza ya F-1, ya wanafunzi wageni, sheria yatutaka hizo 12. Watu wengi husikia «muda wote» wakaridhika, wakachukua 12 kila semista, hawajafeli hata moja, 12 mara 8 ni 96. Zabaki 24. Huo ni mwaka mwengine mzima wa 12 na 12, na karo ya mgeni huku si ya kuichezea. Kila ulichosajili kijani kila semista na bado hujamaliza, kwa sababu mashine yakwambia ulipo, haikwambii kasi yako.

Na maksi pia, kwa kawaida wahitaji wastani usiopungua 2.0 kuhitimu na kozi nyengine zataka zaidi ya hapo ndani ya somo lako kuu. Kuna mtu yuniti zote kazimaliza wastani wa somo kuu uko chini, hahitimu.

Sasa kinachomhusu dada ni hiki. Huku kuna kitu chaitwa mwaka wa katalogi. Ukiingia 2021 unafungwa na sharti za 2021, wakibadilisha silabasi 2023 wewe wabaki na zako isipokuwa ukiomba mwenyewe kuhamia mpya. Lakini ukitoka muda mrefu kisha ukarudi vyuo vingi wakuhamisha kwenye mpya. Kwa hivyo swali lako la kwanza idarani, kabla ya maksi na kabla ya kila kitu, liwe mimi nahesabiwa kwa silabasi ipi, ya zamani au mpya? Mpaka hilo lijibiwe hiyo karatasi ya kobe huwezi kuijaza, manake hujui kichwa chake.

Na yuniti ikibadilishwa na nyengine, mshauri wako akikwambia kwa mdomo «hiyo sawa itahesabika» bado si kitu. Huku lazima aiingize kwenye mfumo mwenyewe ndio lile jekundu ligeuke. Mshauri akihama kazi au akistaafu maneno yake yaondoka naye.

---

kobe_wa_watamu (Malindi)

Hapo kwa silabasi ipi umeniweza kaka, hilo ndilo lilitakiwa liwe juu kabisa. Dada usihesabu chochote kabla hujalipata hilo kwa maandishi.

---

Mstaafu_Mkomani (Lamu)

Huyu wa Ohio amesema kweli na kwetu ni hivyo hivyo tofauti ni kwamba hatuna kijani na jekundu, tuna barua na faili. Kisichokuwa kwenye faili lako hakijafanyika.

Haya mwanangu, andika imeli moja kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa mratibu wa mitihani wa idara na moja kwa ofisi ya msajili wa masomo. Usiandike kwa kulalamika. Weka jina, namba ya usajili, mwaka wa kuingia, ambatisha barua ya kuahirisha, kisha mambo manne yenye namba. La kwanza silabasi ipi. La pili ile yuniti ya Dini iliyoondolewa, waomba ilinganishwe na ile iliyochukua nafasi yake, na waomba barua ya kulinganisha iingie kwenye faili. Ikiwa mada zake zafanana hilo hupita kwenye kikao cha idara bila taabu, ikiwa hazifanani watakwambia ufanye hiyo mpya, bora ujue sasa. La tatu vile vistari, taja kila yuniti, semista, jina la mhadhiri, tarehe ya mtihani, na ombi watazame majina yaliyoongezwa kwa kalamu. La nne hiyo ya UKIMWI, semista ipi yafundishwa mwaka ujao na waruhusiwa kuisajili pamoja na za mwaka wa nne.

Imeli ndefu haisomwi, ukurasa mmoja watosha. Siku mbili tatu zikipita wapigie simu katibu, umsalimie, umuulize kama imeonekana. Makatibu ndio wenye chuo.

Jengine, kama kuna yuniti yoyote ulikosa mtihani kwa sababu ya uja uzito au ugonjwa na ukaandikiwa kwamba umefeli, niambie. Ile yaitwa mtihani maalumu, na ni tofauti na sapu, mtihani wa kurudia wa aliyefeli. Maalumu wahesabiwa maksi zako kamili, sapu kwa vyuo vingi hata ukipata 75 waandikiwa 40 ya kufaulu basi, na hiyo yakushusha daraja mwisho. Mtu mwenye cheti cha hospitali hafai kuandikiwa sapu.

---

Binti_Langoni (Lamu)

Jamani nimerudi. Ami na wote Mungu awalipe.

Nilituma imeli kama alivyonielekeza ami, mambo manne, katibu nilimpigia akaniambia «wewe ndio wa kwanza kuandika kitu kinachoeleweka mwaka huu» tukacheka. Majibu ni haya.

Nahesabiwa kwa silabasi MPYA, wameandika kwenye imeli. Ya Dini wamekubali kulinganisha, yaenda kwenye kikao cha idara na barua nitapewa. Kistari kimoja kimepatikana, ni kweli kabisa jina langu lilikuwa chini kwa kalamu! Kingine mtihani upo CAT haipo, mhadhiri alikuwa wa kandarasi kashaondoka, wanasema wanamtafuta na kama nina ile kazi ya CAT niitume. Ninayo alhamdulillahi, ilikuwa ya kuandika nyumbani na alinirudishia imesahihishwa, nilikuwa nimeiweka kwenye faili la vyeti.

Shida imebaki ya UKIMWI. Wanasema yafundishwa kwa mwaka wa kwanza semista ya pili tu. Kwa hivyo nitaifanya mwaka wa nne semista ya pili, ile ile ya mwisho. Naogopa ratiba igongane, na nikiwa mgonjwa siku hiyo au chochote kitokee hakuna semista nyengine mbele. Mazoezi ya kufundisha naanza muhula ujao wa shule, zoni nimeuliza, Lamu hawana, nimeomba Malindi kwa shangazi yangu.

---

Mwl_Maweni (Malindi)

Karibu Malindi. Ukifika uliza shule za karibu na Shella ya huku Malindi usije ukatumia pesa yote kwa tuktuk za Sheby.

Kuhusu hiyo yuniti, chuo chako kina wale wanafunzi walimu wanaosoma likizo za shule? Sisi tulisoma hivyo, Aprili, Agosti na Disemba shule zikifungwa twaingia chuoni. Wale pia hufanya hizo yuniti za chuo kizima na kodi ni ile ile. Omba uifanye nao likizo ya Agosti au Disemba, muhula wa mazoezi ukiisha, uwe ushaimaliza kabla ya semista ya mwisho.

---

Sheby_wa_Tuktuk (Malindi)

tuktuk zangu bei nafuu mwalimu usiniharibie 😂 dada ukija sema wewe ni wa huku ntakushusha shangazi yako bei ya mwenyeji

---

Binti_Langoni (Lamu)

Ipo hiyo programu ya likizo! Lakini si nitalipa karo mara mbili?

---

kobe_wa_watamu (Malindi)

Mara nyingi watakutoza kwa yuniti, si semista nzima, lakini uliza ofisi ya fedha kabla ya kusajili na wakupe kwa maandishi. Na ukilipa risiti iwe na jina la hiyo yuniti ama angalau kipindi chake, nimeona mtu kalipa pesa ikaingia kwenye deni la hosteli, kadi ya mtihani akanyimwa.

Kitu kingine usisahau kujisajili kwenye potali ya kipindi hicho, si kukaa darasani tu. Ukikaa bila kusajili tutarudi hapa hapa kutafuta kistari.

---

Mstaafu_Mkomani (Lamu)

Kobe amesema. Nami naongeza kwamba uombe ruhusa ya kusoma na kundi jengine, fomu ipo, yatiwa sahihi na mwenyekiti wa idara yako na mratibu wa hiyo programu ya likizo, zote mbili. Siku ya mtihani ukiona jina lako halimo kwenye orodha iliyochapishwa mwambie msimamizi aliandike kwa herufi kubwa na namba kamili ya usajili, kisha wewe ukitoka mpigie katibu siku hiyo hiyo umwambie niko chini kwa kalamu.

Ile CAT uliyonayo usiwape karatasi yenyewe. Piga picha uwatumie, na ukienda waonyeshe, nakala wapige mbele yako.

---

Binti_Langoni (Lamu)

Sawa ami. Picha nimetuma saa hii, ya fomu nitampigia katibu kesho asubuhi.

---

mtoro_wa_Ohio

Dada ile barua ya Dini ikitoka tuambie wamelinganisha na ipi, mdogo wangu yuko chuo chengine kozi hiyo hiyo na yeye amebadilishiwa silabasi.